Je, kubadilisha bomba la hewa huliongezea gari nguvu?

Na MWANDISHI WETU

MTU yeyote aliyewahi kutafuta vipuri katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wakongwe wangali wanaiita Grogan, hana haja ya kuelezwa sura ya kifaa hiki: bomba la alumini lililosuguliwa likang’ara kama kioo, na mwishoni mwake chujio la hewa lenye umbo la pia, jekundu au la samawati. Muuzaji hukiinua juu ili mteja akione vizuri, kisha huanza kukisifu. Kasha jeusi la plastiki lililokuja na gari kutoka Japani, asema, liliwekwa na watengenezaji ili kupunguza kelele tu. Linaibana injini pumzi. Liondoe, utie hiki, nawe utapata nguvu farasi 10, pengine 15, na petroli itadumu zaidi.

Wanaonunua si haba. Wengi wao ni vijana wenye magari madogo yasiyo na tabo, yaani Fielder, Vitz, Demio na wenzake, na fedha wanazotoa aghalabu zingetosha kulifanyia gari huduma kamili ya oili, plagi na chujio jipya la kawaida. Ndiposa inafaa kuuliza, pasipo kumdhihaki muuzaji wala mnunuzi, iwapo maneno hayo yana ukweli.

Yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yauzike.

Injini ya petroli, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni pampu ya hewa. Pistoni ikishuka, hewa huingia katika silinda. Ikipanda, hewa hiyo hubanwa pamoja na petroli. Cheche ya plagi huuwasha mchanganyiko huo na kuisukuma pistoni chini kwa kishindo. Kisha moshi hutolewa nje kupitia ekzosi. Petroli si kikwazo, kwa maana pampu ya mafuta na nozeli za gari zima zina uwezo wa kumwaga ya kutosha. Kikwazo ni hewa. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue barabara, na ukiongeza petroli bila kuongeza hewa hutavuna nguvu bali moshi mweusi. Kwa hivyo anayesema kwamba hewa ni nguvu hajakosea hata kidogo.

Kosa huanza pale anapodhani kwamba bomba linaweza kuleta hewa. Gari lenye tabo lina pangaboi linalozungushwa na moshi wa ekzosi ambalo huishindilia hewa ndani ya silinda. Gari lisilo na tabo halina mtu wa kulisukumia. Pistoni inaposhuka na kuacha nafasi tupu, ni uzito wa angahewa yote iliyo juu yetu unaoisukuma hewa iingie humo. Huo ndio mtaji wote ulio nao. Njiani hewa hiyo hupita katika mdomo wa bomba, chujio, kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta, mabomba ya manifoldi na hatimaye vali zenyewe, na kila kituo hutoza ushuru wake mdogo. Bomba jipya, hata liwe la dhahabu, kazi yake ni moja tu: kupunguza ushuru wa vituo viwili vya mwanzo. Haliwezi kurudisha zaidi ya kile kilichotozwa hapo.

Ushuru huo basi ni kiasi gani?

Chukua injini ya lita 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida katika magari tuliyoyataja. Katika injini ya mipigo minne kila silinda hujaa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, injini hiyo ina nafasi ya lita 4,500 za hewa kila dakika, ambayo ni sawa na madebe 225 ya lita 20. Kwa kuwa silinda hazijai pomoni, tuseme hupata asilimia 85 hivi ya hizo: lita 3,800. Hiyo ni hewa nyingi, na kuipitisha katika karatasi iliyokunjwakunjwa kunahitaji nguvu fulani. Lakini wahandisi waliolichora kasha lile jeusi walijua hesabu hii tangu siku ya kwanza. Waliichagua karatasi yenye eneo kubwa, wakaikunja mara nyingi ili itoshee katika kasha dogo, na wakaiacha na nafasi ya ziada kwa sababu walijua itakaa na vumbi kwa miezi mingi kabla ya kubadilishwa.

Habari njema kwa asiyetaka kumwamini muuzaji, na asiyetaka kuniamini mimi, ni kwamba ushuru huu waweza kupimwa kwa mpira mwembamba unaopenya nuru, wa aina wanayotumia maseremala na waashi kupimia usawa, na maji kiasi. Mpira hukunjwa umbo la U, kila mkono ukiwa na urefu wa zaidi ya mita moja, na kutiwa maji hadi katikati. Ncha moja huunganishwa katika bomba la hewa baina ya chujio na kilango. Ncha nyingine huachwa wazi. Injini ikivuta, maji hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na tofauti ya vimo viwili hivyo ndiyo hasara yenyewe. Shinikizo la angahewa katika usawa wa bahari lina uwezo wa kuinua maji kimo cha mita 10 na ushei. Jijini Nairobi ni mita 8.5 hivi. Kwa hivyo kila sentimita 10 utakazoziona katika mpira ni asilimia moja ya mtaji wako mjini Mombasa, na asilimia moja na nukta mbili mjini Nairobi. Kazi hii hufanywa na watu wawili, gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu au mahali pasipo na watu, na mikono ya mpira iwe mirefu kuliko inavyoonekana kuhitajika, kwa maana maji yakiingia katika injini yatakuwa na gharama kubwa kuliko bomba lolote.

Katika gari dogo la kawaida lenye chujio safi, kipimo hiki huwa ni sentimita kumi kadhaa tu, na hizo ni pale mafuta yamekanyagwa hadi chini na injini inapiga kelele karibu na mwisho wa uwezo wake. Tumfanyie muuzaji ukarimu tuseme hasara ni asilimia 3, kisha tumwongezee ukarimu wa pili tuseme bomba lake linaiondoa yote, jambo lisilowezekana kwa sababu nalo lina chujio. Gari la nguvu farasi 110 litapata nguvu farasi 3. Zile 10 au 15 zilizoahidiwa hazikuwahi kupotea humo, na kisichopotea hakiwezi kurudishwa.

Tena, hizo 3 zinaonekana lini? Dereva wa Nairobi anayekwenda kazini huizungusha injini mara 2,000 kwa dakika, pengine 2,500, mguu wake ukiwa umeligusa tu pedali. Wakati huo kilango cha hewa kimefungwa kwa sehemu kubwa. Ndicho kinachoibana injini pumzi, na kinafanya hivyo kwa amri ya dereva mwenyewe, maana ndiyo njia ya kuendesha taratibu. Kulegeza chujio lililo mbele ya kilango kilichofungwa ni sawa na kupanua lango la boma ilhali mlango wa nyumba umefunguliwa kwa upenyo wa kidole. Wageni hawataingia kwa wingi zaidi.

Jambo hili ndilo linaloipa pigo ahadi ya pili, ile ya kupunguza matumizi ya petroli. Mnamo mwaka 2009 watafiti wa maabara ya kitaifa ya Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa kuyaendesha magari yakiwa na machujio safi, kisha yakiwa na machujio yaliyozibwa kwa makusudi. Katika magari ya kisasa yanayodhibitiwa na kompyuta, hata chujio lililozibwa halikuongeza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha maana. Kompyuta hupima hewa inayoingia na kutoa petroli inayolingana nayo. Dereva naye hukanyaga zaidi kidogo, kilango hufunguka zaidi kidogo, na mambo huendelea. Kilichopungua ni wepesi wa kuongeza kasi, ambao ulirudi kwa asilimia kati ya 6 na 11 chujio lilipobadilishwa. Magari ya zamani yenye kabureta yalikuwa na hali tofauti, kwa kuwa humo chujio lililoziba huweza kweli kuongeza unywaji wa petroli, na nadhani imani nyingi zinazotembea katika gereji zetu zilirithiwa kutoka enzi hizo. Ikiwa chujio lililozibwa kabisa halimalizi petroli ya gari la kisasa, sijui lililo wazi kupita kiasi litaiokoaje.

Hadi hapa nimeuhesabu mzani wa faida peke yake. Upo wa hasara pia, nao huanza na joto.

Hewa ya moto ni nyepesi. Kila inapopashwa kwa nyuzi 10, lita moja ya hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya uzito wake, na injini hula uzito, haili lita. Nguvu haishuki kwa kiwango hicho chote, lakini hushuka. Na juu ya hayo, hewa ya moto huifanya petroli iwe tayari kulipuka kabla ya wakati wake, hali ambayo kompyuta huikwepa kwa kuchelewesha cheche, na kuchelewesha cheche ni kupunguza nguvu. Sasa litazame lile kasha linalodharauliwa. Katika magari mengi mdomo wake umechongoka hadi mbele ya gari, juu ya redieta au nyuma ya taa, ambako huvuta hewa ya barabarani ambayo haijapita katika joto la injini. Mabomba mengi yanayouzwa huishia katikati ya boneti, hatua moja kutoka kwa ekzosi. Gari likikwama katika msongamano wa Thika Road jua la adhuhuri likiwaka, hewa iliyo chini ya boneti huzidi ya nje kwa makumi ya nyuzi. Yule kijana aliyelipia bomba la “hewa baridi” huwa amenunua mvuke wa jikoni. Yapo yaliyotengenezwa kwa uangalifu, yenye kasha lake la kuzuia joto na mdomo unaofika mbele kabisa, nayo hayana hasara hii. Lakini ukiyachunguza utakuta yamekuwa kitu kinachofanana mno na kile cha plastiki kilichotolewa.

Kuna hasara nyingine isiyofahamika sana. Hewa katika bomba haitiririki kama maji ya mfereji. Vali inapofungwa ghafla, hewa iliyokuwa ikikimbilia ndani hugonga na kurudi nyuma kama wimbi, kisha wimbi hilo hurudi tena mbele. Likifika wakati vali inafunguka, huishindilia hewa katika silinda bure bilashi. Likifika wakati usiofaa, huinyima. Urefu na upana wa mabomba, pamoja na vile vikasha vitupu vilivyobandikwa pembeni ambavyo makanika wengi huving’oa wakidhani havina kazi, vilipangwa ili wimbi lifike kwa wakati katika mizunguko ambayo gari la familia hutumia zaidi. Mabadiliko ya kubahatisha yanaweza kuiondoa nguvu ya katikati, ile inayomsaidia dereva kupanda mlima akiwa na abiria wanne, na kuihamishia juu kabisa ambako hafiki ila mara moja kwa mwezi. Mazda waliichukulia elimu hii kwa uzito hata wakalitengenezea gari lao la 787B mabomba ya hewa yanayorefuka na kufupika yenyewe kadiri mizunguko inavyobadilika. Injini yake ya takriban nguvu farasi 700 haikuwa na tabo, na mwaka 1991 gari hilo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa. Mabomba yale yalikuwa sehemu ya injini iliyobuniwa upya mzima mzima. Hayakuwa pambo la kuongezewa baadaye.

Nimetaja Mombasa na Nairobi kwa sababu, na hapa ndipo msomaji wa Kenya anapofaa kuwa makini kuliko msomaji wa Ulaya. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa humu ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Baridi yetu hurudisha kidogo, lakini ukijumlisha yote injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Gari lililoandikwa nguvu farasi 110 huko Japani huwa na 92 hivi likiwa Nairobi. Likipanda hadi Timboroa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,700, hubakia na robo tatu tu. Kwa maneno mengine, hasara ya mlima peke yake ni nguvu farasi 18 jijini na zaidi ya 25 huko Timboroa, na hakuna chujio duniani linaloweza kuifidia, kwa sababu kilichopungua ni ile angahewa yenyewe inayosukuma. Wenye tabo huliona jambo hili kwa uchache, kwa kuwa pangaboi lao huongeza bidii hewa inapopungua. Dereva wa Fielder anayedai kwamba gari lake lilipata uhai mpya aliposhuka Mombasa baada ya kufungiwa bomba anasema kweli tupu. Aliyelipa uhai huo ni bahari.

Mbona basi wengi walionunua huapa kwamba gari limebadilika? Wengine, kama huyo, wamelinganisha siku ya baridi na siku ya joto, au mji na mji. Wengine walikuwa na chujio kuukuu lililojaa vumbi, wakaliondoa na kutia jipya, na wangepata raha ile ile kwa chujio la karatasi la bei ya chini. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni sikio. Kasha la plastiki huifunika sauti ya injini ikivuta pumzi. Likiondolewa, kila unapokanyaga mafuta gari hunguruma kama chui. Sauti hiyo ni tamu, sikatai, na mtu mzima ana haki ya kuinunua kwa fedha zake. Ila debe tupu nalo haliachi kuvuma.

Wauzaji wengine hutoa karatasi kutoka kwa mashine ya kupimia nguvu, ile ambayo magurudumu ya gari huzungusha magogo ya chuma. Ni mashine nzuri, lakini yapasa kuulizwa maswali. Je, kipimo cha kwanza kilichukuliwa boneti ikiwa imefungwa na injini ikiwa ya moto, na cha pili boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikipuliza? Je, gari lilipimwa mara ngapi kila upande? Gari lile lile, likipimwa mara tatu mfululizo bila kuguswa, hutoa majibu yanayotofautiana kwa nguvu farasi moja au mbili, na faida inayodaiwa mara nyingi imejificha ndani ya tofauti hiyo. Je, hesabu ya kusahihisha hali ya hewa ilitumika sawasawa mara zote mbili? Asiyeweza kujibu hayo ana karatasi tu.

Haya yote yasimfanye mtu adhani kwamba njia ya hewa haina maana. Ina maana kubwa pale inapokuwa ndiyo kizuizi halisi. Ushahidi mzuri ulitoka katika mbio za magari. Mwaka 1995 sheria za mashindano ya dunia ya safari za magari ziliyataka magari yote makubwa, ambayo yalikuwa na tabo, yavute hewa kupitia tundu la milimita 34 ili nguvu zao zisipite kiasi. Toyota, ambao mwaka uliotangulia gari lao la Celica lilikuwa limeshinda Safari Rally mikononi mwa Mkenya Ian Duncan, walibuni kifaa kilichoiruhusu hewa ya ziada kupita kando ya tundu hilo kisirisiri, na kujifunga chenyewe mkaguzi alipokifungua. Ilikadiriwa kwamba kiliongeza takriban nguvu farasi 50. Kiligunduliwa katika mashindano ya Catalunya nchini Uhispania na kampuni hiyo ikapigwa marufuku kwa miezi 12. Tundu lile lilikuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote katika injini nzima, na ndiyo maana kulikwepa kulizaa matunda. Katika Vitz, chujio ni kikwazo kidogo kuliko vingine vyote.

Vikwazo vikubwa vya injini isiyo na tabo viko ndani, katika vali na njia zake. Honda walionyesha hivyo mwaka 1989 walipoitoa injini ya B16A, ya lita 1.6, iliyokuwa na nguvu farasi 160, yaani 100 kwa kila lita, bila tabo. Waliifanya kamshafti iwe na maumbo mawili, moja la mwendo wa taratibu na jingine linaloziacha vali wazi zaidi na kwa muda mrefu zaidi injini inapozunguka kwa kasi. Mtu aliyekwisha kubadilisha kamshafti, akapanua njia za vali, akaongeza mbano na kuiandika upya programu ya kompyuta, injini yake itavuta hewa nyingi kuliko kasha la awali lilivyokusudiwa, na kwake bomba pana ni hitaji la kweli. Anayeanza na bomba ameanza na kofia kabla ya kununua suruali.

Lipo pia kundi la vifaa ambavyo sitavipotezea wino mwingi: vile vifeni vya umeme vinavyotiwa katika bomba na kuitwa tabo ya umeme. Kuipandisha hewa ya injini tuliyoitaja kwa asilimia 5 tu juu ya shinikizo la pwani kunahitaji wati zaidi ya 300 hata kwa feni isiyopoteza chochote, na feni halisi ingetaka maradufu ya hizo, yaani ampea 50 kutoka kwa betri ya gari. Kifeni kinachounganishwa na waya mwembamba kama wa redio hakiwezi hata kuipisha hewa ipite. Kinaizuia.

Lililo zito kuliko yote nimeliacha nyuma, nalo ni vumbi. Chujio halikuwekwa ili kuiachia hewa. Liliwekwa ili kuuzuia mchanga. Barabara zetu za murram hutoa vumbi lenye chembechembe za silika, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya, huwa kama msasa baina ya pistoni na ukuta wake, na kile kinachoponea hapo huteremka katika oili na kwenda kuzila bearingi. Matokeo hayaonekani wiki ya kwanza. Huonekana baada ya mwaka au miwili, gari linapoanza kula oili na kutoa moshi wa samawati, na wakati huo hakuna anayekumbuka bomba lililong’ara. Mashabiki wa Safari Rally wamewahi kuyaona magari ya mamilioni ya pesa yakiwa na bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa kando ya kioo cha mbele ili kulikwepa vumbi jembamba la Naivasha linaloitwa fesh-fesh. Hao ni watu wanaoishi kwa kutafuta nguvu, na wanaliogopa vumbi.

Kuchuja na kupitisha ni mambo yanayovutana. Kipo kipimo cha kimataifa cha machujio ya hewa, ISO 5011, ambacho huonyesha chujio huzuia vumbi kwa asilimia ngapi, hubeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba, na huibana hewa kwa kiwango gani. Mteja anayeuliza matokeo ya mambo yote matatu ana haki ya kujibiwa. Akijibiwa la tatu pekee, ajue ameonyeshwa upande mmoja wa shilingi. Machujio ya pamba yanayopakwa mafuta, yakitoka kwa mtengenezaji anayeaminika na yakitunzwa, hufanya kazi ya kuridhisha. Shida ni utunzaji. Yakioshwa na kurudishwa bila mafuta hupitisha vumbi. Yakilowekwa mafuta kupita kiasi, matone hurushwa hadi kwenye sensa ya hewa, yenye uzi mwembamba unaopashwa moto na umeme, na kuuchafua. Sensa iliyochafuka huidanganya kompyuta kuhusu hewa iliyoingia, nayo kompyuta hutoa petroli isiyolingana. Upana wa bomba pia ukibadilika mahali sensa inapokaa, udanganyifu ni ule ule, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Katika soko lenye bidhaa nyingi bandia kama letu, si ajabu kukuta “pamba” yenye matundu ambayo jua hupenya.

Mwenye gari linaloonekana kuchoka, badala ya kuanza na duka la mapambo, yafaa aanze na ule mpira wa maji. Madereva wa malori wanalo wazo hili tayari, kwa kuwa malori mengi yana kidude kwenye kasha la chujio kinachoonyesha alama nyekundu hasara inapofikia kiwango kilichowekwa, aghalabu kati ya sentimita 50 na 65 za maji, na chujio hubadilishwa wakati huo, si kabla. Gari dogo likionyesha sentimita 15 au 20 mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini, njia ya hewa haina kosa. Atazame plagi, mbano wa silinda, uchafu kwenye kilango, breki zinazoshika bila kukanyagwa na upepo wa magurudumu. Likionyesha 60 atoe chujio na kupima tena. Kipimo kikishuka, anunue jipya la karatasi. Kisiposhuka, kizuizi kiko kwenye bomba lenyewe: mpira uliolegea kwa uzee na kujikunja unapovutwa, karatasi ya plastiki iliyonaswa mdomoni, au, kwa gari lililolala uani kwa miezi kadhaa, kiota cha panya.